Nahudumia watu wenye ulemavu majumbani, sasa naulizwa usajili na bima

SWALI

Shikamoo Mama,

Naishi Igoma, hapa Mwanza, na nina watoto wawili. Kazi yangu ni kuwahudumia watu wenye ulemavu majumbani kwao. Niliijua kazi hii kwa kumuuguza kaka yangu, aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda barabara ya Musoma. Alipokuwa amelazwa, wauguzi na mtaalamu wa fiziotherapia walinifundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumwogesha kitandani, na kumhamishia kwenye kitimwendo bila kumvuta mabega. Leo kaka anatengeneza simu stendi na mambo mengi anajifanyia mwenyewe. Majirani walioona wakaanza kuniita kwa ndugu zao, nao wakawaambia wengine.

Sasa nina mzee mmoja Buhongwa aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, binti mwenye mtindio wa ubongo Mabatini, mama wa Kitangiri aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na kijana asiyeona anayetaka mtu wa kumsindikiza chuoni Malimbe. Nimechukua wasaidizi wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Nawalipa kwa siku. Hakuna kilichoandikwa popote, si kwa wateja wala kwa hao vijana, na malipo yote yanaingia kwenye simu yangu.

Mambo mawili yamenifanya nikuandikie. Nyumba ya yule binti wa Mabatini iko juu kabisa kwenye mawe, bajaji haifiki. Siku za kliniki kijana wangu humbeba mgongoni hadi barabarani. Wakati wa masika mawe yalikuwa na utelezi, wakaanguka wote wawili. Binti aliteguka mkono, kijana akaumia goti akakaa bila kazi. Nililipia picha na dawa za wote. Mama yake binti hakunilaumu hata kidogo, lakini mjomba alisema mbele za watu kwamba siku mtoto akivunjika nitauza kiwanja changu kumlipa. Neno lile halijanitoka moyoni.

La pili ni la mzee wa Buhongwa. Ana binti anayeishi Melbourne, Australia, na ndiye anayelipa. Aliniambia kwa adabu kabisa kwamba anataka kuniongezea saa na awe analipa kila mwezi, ila kwanza nimtumie cheti cha usajili na cha bima, maana huko aliko mtoa huduma huulizwa hivyo. Sikuwa na cha kumtumia.

Nimeuliza watu na kila mmoja ana lake. Mwenye steshenari anasema nisajili jina BRELA, kwa wasajili wa biashara, inatosha. Rafiki yangu anasema nifungue NGO kwa sababu wafadhili wapo na NGO hailipi kodi. Mtu mmoja anayezunguka maofisini anataka nimpe laki tatu anipatie "leseni ya kuhudumia walemavu" pamoja na bima ya mwaka mzima. Mume wangu naye anaona niache kabisa mambo ya makaratasi, kwa sababu watu watasema natajirika kwa shida za wenzangu. Halafu yule mama wa Mabatini ni mjane na hanilipi chochote, sijui nimweke wapi kwenye hizo karatasi.

Nianzie wapi? Na bima ya kazi kama hii ipo kweli hapa kwetu?

Mhudumu, Igoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Kazi yako inahitajika sana. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Wengi wanategemea ndugu, na ndugu nao huchoka, husafiri, huzeeka. Familia ikimpata mtu anayejua kumgeuza mzee bila kumchubua ngozi, imepata nafuu kubwa. Kwa hiyo nataka uendelee, na uendelee ukiwa na kinga.

Huyo wa laki tatu achana naye leo. Bima huuzwa na kampuni, wakala au broka mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, na ukilipa unapewa stakabadhi na hati yenye jina lako. Usajili wa biashara unaombwa mtandaoni na wewe mwenyewe kwa namba yako ya NIDA, na malipo yanakwenda Serikalini kwa kumbukumbu namba, hayapiti kwenye simu ya mtu. Na hiyo leseni moja anayoitaja, inayomaliza kila kitu, hapa kwetu haipo. Mtu wa kazi kama yako husajiliwa kipande kwa kipande, kulingana na anachokifanya.

Binti wa mzee anaishi kwenye utaratibu tofauti, na ukiuelewa utajua anatafuta nini kwako. Australia ina mpango wa taifa wa bima ya ulemavu unaoitwa NDIS, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2013. Serikali humtengea mtu mwenye ulemavu fedha za huduma, na watoa huduma husimamiwa na tume maalumu iliyoanza kazi mwaka 2018. Anayetaka kusajiliwa hutaja huduma atakazotoa, hukaguliwa na mkaguzi wa nje, na wafanyakazi wake huchunguzwa kabla ya kuruhusiwa kuingia nyumbani kwa mtu. Bima nayo huulizwa. Hata huko si kila mtoa huduma amesajiliwa na tume hiyo. Mtu anayejisimamia fedha zake anaweza kumchukua asiyesajiliwa. Sisi hatuna mfuko wa namna ile, hapa familia ndiyo inayotoa mfukoni. Lakini maswali ya yule binti ni ya haki popote pale: huyu anayeingia chumbani kwa baba yangu ni nani, anaruhusiwa kufanya nini, wasaidizi wake amewapata wapi, na likitokea la kutokea nani atalipa?

Basi kabla ya BRELA na kabla ya bima, kaa na vijana wako jioni moja mwandike mikono yenu inafanya nini hasa. Msiandike "huduma kwa watu wenye ulemavu" mkaishia hapo. Andikeni kuogesha, kuvalisha, kubadilisha pempasi, kugeuza, kulisha, kuhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kitimwendo, kubeba mahali ambapo gari halifiki, kusindikiza kliniki, kusindikiza chuoni, kupika, kufua. Kisha upande wa pili andikeni msiyoyafanya. Karatasi hiyo ndiyo mama wa nyingine zote. BRELA watakuuliza shughuli yako, afisa biashara atakuuliza leseni ya nini, wakala wa bima atakuuliza unataka kukingwa dhidi ya nini. Ukiandika pungufu ya mnachokifanya, siku ya ajali utaambiwa kile kitendo hakikuwemo. Ukizidisha, utakuwa umejiingiza kwenye taaluma usiyoisomea.

Nieleze zaidi hapo, kwa sababu ndipo watu wema wanapoumizana. Kuweka au kubadilisha mpira wa mkojo, kuchoma sindano, kusafisha kidonda kilichochimba ndani: hizo ni kazi za muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na ambaye leseni yake haijaisha muda. Kunyoosha viungo mnaweza kufanya yale tu ambayo mtaalamu wa fiziotherapia aliyemwona mteja huyo amewaonyesha na kuyaandika, ni zoezi gani na mara ngapi. Msiongeze la kwenu wala msimpe mama wa Kitangiri zoezi mlilofundishwa kwa ajili ya mzee wa Buhongwa. Kumkumbusha mtu saa ya dawa zake ni sawa, kumwongezea au kumpunguzia dozi hapana. Najua mtakavyoombwa: "Dada, wewe una uzoefu, mchome tu, hospitali mbali." Ukiwa na karatasi iliyosainiwa na familia siku ya kwanza, unaionyesha na unakataa bila ugomvi. Siku ukimwajiri muuguzi mwenye leseni, orodha itapanuka, na wakala wa bima lazima ajulishwe siku hiyo hiyo. Na ukifikiria kuwakusanya watoto kwako mchana kutwa, ujue Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina masharti yake ya usajili wa vituo, kupitia ustawi wa jamii. Usianze kimyakimya kwa mtoto mmoja halafu wakawa watano.

Kuhusu NGO, rafiki yako ana nia njema lakini amekuelekeza njia isiyo yako kwa sasa. Kwa sheria ya mwaka 2002 na marekebisho ya 2019, shirika lisilo la kiserikali haliundwi kwa ajili ya kugawana faida, nawe unalisha watoto kwa kazi hii. Shirika linataka katiba, viongozi, vikao, na taarifa za kazi na za fedha kila mwaka kwa Msajili aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Kodi nayo haifutiki kwa kuitwa NGO: wafanyakazi wanakatwa kama wengine, na hadhi ya hisani huombwa TRA kwa maombi yake yenyewe. Zaidi ya hayo, mradi huwa na mwisho. Mzee wa Buhongwa anahitaji kugeuzwa hata mwezi ambao mfadhili ameondoka.

Kwa hiyo chagua kati ya jina la biashara na kampuni. Jina ni nafuu na halina mambo mengi, ila kisheria wewe na biashara mnakuwa kitu kimoja. Yule mjomba alisema kwa ukali, lakini hakusema uongo: deni la biashara ya namna hiyo linaweza kukifikia kiwanja chako. Kampuni ina madeni yake na mali zake, ingawa haimfichi mtu kwa uzembe alioufanya kwa mikono yake mwenyewe, na inakuja na kazi ya kupeleka taarifa BRELA kila mwaka na hesabu TRA. Ningekuwa wewe ningeanza na jina la biashara, nafuu itakayobaki ningeiweka yote kwenye bima, na ningehamia kampuni siku wasaidizi wakiongezeka au taasisi ikitaka mkataba na mimi.

Mwenye steshenari amekueleza nusu ya njia. Cheti cha BRELA kinakupa jina, hakikupi ruhusa ya kufanya biashara. Ukishakipata nenda TRA uchukue TIN, ambayo hutolewa bure, ukadiriwe kodi na upate uthibitisho wa mlipa kodi. Kisha leseni ya biashara. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 imegawa leseni makundi mawili, moja hutolewa na BRELA na jingine na halmashauri. Mpelekee afisa biashara ile orodha yenu akuambie uko wapi. Igoma iko Nyamagana, kwa hiyo ofisi yako ni Halmashauri ya Jiji, na maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa halmashauri uitwao TAUSI. Kitangiri iko Manispaa ya Ilemela. Muulize waziwazi kama kumfuata mteja kule bila kuwa na ofisi kunahitaji chochote cha ziada.

Ukiwa hapo hapo halmashauri, pita kwa afisa ustawi wa jamii. Hatakupa leseni, lakini jitambulishe na umwachie nakala ya orodha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka pia kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya chini, na vyama vipo: SHIVYAWATA ndilo shirikisho lao, wasioona wana TLB, viziwi wana CHAVITA. Waulize wanachotaka kwa mhudumu na wanachokichukia. Utajifunza kwao mambo ambayo hata mimi siwezi kukuambia. Halmashauri ina ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ukiungana na wanawake wenzako wa kazi hii kwenye kikundi, hapo ndipo pa kuombea fedha za machela na vitimwendo.

Sasa bima. Ndiyo, ipo. Usiingie ukasema unataka bima ya walemavu, utarudishiwa maelezo ya bima ya afya. Sema unataka bima ya dhima kwa umma: ile inayolipa pale mteja au mtu mwingine anapoumia, au mali yake inapoharibika, kwa sababu ya kazi yenu. Kuna na ile ya dhima ya kitaaluma, inayohusu makosa ya ushauri na utaalamu. Hiyo itakuhusu zaidi siku utakapokuwa na muuguzi au mtaalamu mwingine ndani. TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza. Nenda uulize mawakala na mabroka wenye leseni, kisha uzungukie zaidi ya mmoja, kwa sababu kazi hii haijazoeleka na bei zitatofautiana.

Ukikaa na wakala usiogope kuonekana msumbufu. Hati nyingi huandikwa Kiingereza, mwambie akueleze kwa Kiswahili kipengele kwa kipengele kabla hujasaini. Muulize kiwango cha juu watakacholipa kwa tukio moja na kwa mwaka mzima. Muulize ni kiasi gani utajilipia mwenyewe kwanza kabla ya wao kutoa chao. Muulize kama kinga inafika majumbani kwa wateja au inaishia ofisini kwako, kwa maana bima nyingi za dhima hutazama jengo la biashara, na wewe kazi yako yote iko nje. Muulize kama inawahusu wasaidizi wako au wewe peke yako. Halafu mwambie neno kwa neno: "Kijana wangu hubeba mtu mgongoni kwenye mawe ya Mabatini." Usilipunguze. Kama atasema hilo halikingwi, afadhali ulijue leo. Kama linakingwa, liandikwe. Kuficha jambo kwenye fomu ya maombi ndiko kunakowapa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Na mweleze lile anguko la masika, ndiyo.

Kinga haianzi mpaka ada ilipwe, kwa hiyo ahadi ya "nitakuandikia, utalipa mwisho wa mwezi" usiikubali. Ukishapata hati, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Pakitokea ajali toa taarifa mara moja, hata kama mteja anasema yamekwisha. Na kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya kueleweka, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Bima ya dhima haimlipi kijana wako goti lake. Yeye ni mfanyakazi, na kila mwajiri lazima ajiandikishe kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango ni wa mwajiri peke yake, usimkate mfanyakazi, na kwa sekta binafsi ni nusu asilimia ya mshahara. Kiasi hicho ni kidogo sana ukilinganisha na ulichotoa kwa picha na dawa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo malipo ya siku yasiyoandikwa yakome, wape mikataba. Wewe mwenyewe ukiwa mmiliki wa jina la biashara si mfanyakazi wa mtu, kwa hiyo usitegemee WCF: jikatie bima ya ajali binafsi na uwe na bima ya afya. Mgongo wako ndio mtaji wa nyumba yako. Na kama mtanunua bajaji ya kubebea wateja kwa malipo, ikatiwe bima ya biashara ya abiria na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini; bima ndogo ya chombo cha matumizi binafsi inaweza kukukana siku ya ajali.

Hata hivyo, mwanangu, fidia haimzuii mtoto kuanguka. Acheni kumbeba mgongoni. Tumieni machela au kiti cha kubebea chenye mikanda, watu wawili, viatu vyenye meno, na mvua ikinyesha msishuke. Pigeni simu kliniki mbadilishe tarehe. Mwone mwenyekiti wa mtaa kuhusu ile njia. Ngazi chache za saruji na chuma cha kushikilia zitamsaidia binti huyu, wajawazito, wazee na kila anayeishi juu kule.

Yapo mengine ambayo hakuna ofisi itakayokulazimisha lakini mimi nakuhimiza. Kila msaidizi awe na hati ya tabia njema ya Polisi, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili unaowajua. Binti aogeshwe na mwanamke, siku zote, hata kama mmechelewa. Hakuna msaidizi atakayeshika kadi ya benki ya mteja wala kujua namba yake ya siri ya simu, na kikinunuliwa kitu cha mteja stakabadhi ibaki nyumbani kwake. Mteja au familia wajue kwamba wakiona unyanyasaji wanaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi bila kukupitia wewe. Wekeni daftari la matukio, tarehe na saa, hata mchubuko mdogo. Picha za vidonda mnazowatumia wauguzi kwenye simu, na zile unazoweza kutamani kutangazia kazi, zinaangukia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: taarifa za afya ni nyeti, ridhaa iandikwe, na uulize Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu kujisajili kwako kama mtunza taarifa.

Na mkataba wa huduma usainiwe na mwenye mwili. Mzee amepooza upande mmoja, hajapoteza akili. Binti yake wa Melbourne ni mlipaji. Mzee ndiye atakayesema anataka kuoga saa ngapi na nani amwogeshe. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kiini chake ni hicho, kwamba mtu huyu ana kauli juu ya maisha yake. Yule kijana wa Malimbe naye asaini mwenyewe, asomewe kila mstari, au umpelekee kwenye simu inayomsomea.

Mumeo mwambie hivi kwa heshima: daktari hulipwa, mwalimu hulipwa, na anayemgeuza mzee usiku naye hulipwa. Kinacholeta maneno ni fedha zisizo na stakabadhi. Fungua akaunti ya biashara, weka bei moja iliyoandikwa, toa risiti.

Binti wa Melbourne mwandikie wiki hii, usingoje mpaka yote yakamilike. Mwambie ulikofika, mtumie ile orodha ya mnayofanya na msiyofanya, na umwambie vyeti utamtumia kimoja kimoja kadiri vinavyotoka. Usimwambie umesajiliwa kama wa kwao. Mweleze usajili wa hapa ulivyo. Saa za nyongeza zisianze kabla ya hati ya bima.

Na yule mama mjane, muingize kwenye daftari kama wengine, na mkataba wake uandikwe kama wa mzee wa Buhongwa, isipokuwa mahali pa bei paandikwe "bila malipo". Anayehudumiwa bure akiachwa nje ya karatasi, ndiye atakayekosa fidia, na huyo binti wake ndiye mnayembeba mahali pabaya kuliko wote. Mwambie wakala kwamba yupo mteja asiyelipa, na umtake akuandikie kwamba naye anakingwa.